Kitendawili cha Mama na Mji Nilioutoa

Mchangani, Mjini
Ijumaa, Mfungo Pili

Dada yangu Mize,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii inakukuta mzima, mguu wa shangazi umepungua uvimbe, na wanao wawili hawajarudiwa na kile kikohozi chao. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, nakwenda kiwanda cha chapa kupanga herufi zangu za risasi kama kawaida. Foleni ya mchele bado ndefu, lakini muhogo haujatutupa. Ama ukiniuliza hali ya moyo, hiyo ndiyo iliyonikalisha siku tisa na barua yako mfukoni bila ya kuijibu.

Umeniuliza kama nitakuja mwezi ujao, Mfungo Tatu, kukuozesha kwa Bwana Seif. Baba hayupo, walii wako ni mimi, na jibu lako utalipata humu humu. Lakini kwanza soma yaliyonifika usiku wa mtoano, na uyasome wewe mwenyewe. Usimpe mtoto akusomee.

Nilishakueleza kuwa hapa mjini watu wa kazini tuna ligi ya chemsha bongo. Kila Alkhamisi timu mbili hukutana katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Malindi, watu wanne kila upande, na muulizaji ni Maalim Khamis, mwalimu mstaafu ambaye hata akikuuliza habari zako unahisi atakupa alama. Kahawa na kashata zinapita, na wasiocheza wanapiga kelele kuliko wanaocheza. Katika ligi, ukishindwa leo utacheza wiki ijayo. Kombe si hivyo. Kombe ni mtoano, ukishindwa umetoka mpaka mwakani. Sisi wa kiwanda cha chapa hatujawahi kufika fainali, na mwaka huu wenzangu walinifanya nahodha, mimi Mtumbatu niliyeingia mjini na mkeka mmoja. Nilifurahi, dada, sikufichi. Nusu fainali tukapangwa na watu wa bandari, na nahodha wao ni huyo huyo Seif wako.

Najua utasema ni mimi niliyemleta kwetu sikukuu ya Idi. Ni kweli. Nilimwona rafiki. Nilimkalisha kwenye jamvi la mama, wewe ukamkaangia samaki, nami nikaona raha kuwa mjini nimepata ndugu. Aliporudi huko peke yake kukuposa sikukasirika hata kidogo. Nilisema, umekaa ujane miaka mitano, inatosha.

Basi usiku ule ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Historia tuliwashinda, jiografia wakatushinda, hesabu tukaenda sawa. Pandu, fundi wetu wa mashine, akaulizwa kaa ana miguu mingapi. Akasema minane. Maalim akasema kumi. Pandu akaja juu: "Maalim, yale magando si miguu, yale silaha! Mie kaa nshamla tangu sina meno!" Ukumbi mzima ukacheka, lakini alama haikurudi. Mwisho wa maswali tukawa sawa sawa.

Wakienda sawa, kombe huamuliwa kwa vitendawili. Kila upande unatega kimoja. Jibu lazima liandikwe mapema na kufungwa ndani ya bahasha, akae nayo Maalim, ili mtu asije akabadilisha. Anayeshindwa kutegua anatoa mji, kama tulivyokuwa tukicheza jikoni, na kutoa mji ndiko kutoka. Wote wakitegua, wanatega tena.

Bandari wakatangulia. Seif akasema, "Kitendawili!" Tukasema, "Tega!" Akasema, "Napita forodhani kila siku, silipi ushuru." Wenzangu wakanong'ona upepo, wengine jua. Mimi nikainuka nikasema harufu ya karafuu. Maalim akafungua bahasha, akatabasamu. Dada, ungekuwepo ungesikia makofi yale.

Ikaja zamu yetu. Bahasha yangu ilikuwa na kitendawili cha mama.

Unakikumbuka, maana nilikuandikia mwezi mzima kabla kukuomba ruhusa. Nilikuandikia kuwa ni cha nyumbani, alitupa sisi wawili tu, na siwezi kukitoa mbele za watu bila ya ridhaa yako. Ukanijibu kwa mkono wako: "Kitege, Haji. Mama angefurahi." Barua hiyo ninayo hapa mezani.

Nikatega: "Nilizika changu, nikafukua cha mwenzangu, nikanyamaza."

Watu wa bandari wakaanza kunong'ona makumbi, makumbi. Nilijua watakimbilia huko, kwani nani Unguja hajui kuwa wanawake wa pwani huyazika makumbi ya nazi topeni mpaka yaoze, kisha wakayafukua wakayaponda wakasokota kamba? Makumbi peke yake si jibu. Nilimtazama Maalim, naye kidole kiko kwenye bahasha. Nikajua tumefika fainali.

Seif akawanyamazisha wenzake. Hakufikiri hata kidogo. Akasimama akasema, "Mwanamke kazika makumbi yake, miezi sita kenda kufukua kakuta mabichi. Jirani kamfukulia yaliyoiva, kamwekea ya kwake mabichi. Mwenyewe kamjua, lakini kanyamaza, kwa sababu wakichota maji kisima kimoja."

Kisima kimoja, dada! Hilo la kisima hata kwenye bahasha sikuliandika. Hilo mama alitwambia usiku mmoja, anapepeta mchele, mimi na wewe tumekaa kwenye kinu. Mama kafa. Mimi sikusema. Hesabu mwenyewe waliobaki.

Watu wa bandari wakatega cha pili. Unajua walitega nini? Nyumba yangu haina mlango. Yai! Wanao wanalijua. Niliulizwa mimi, nahodha, nami naona midomo ya watu tu inacheza. Maalim akasema, "Haji, muda umekwisha, toa mji." Badala ya kusema Mombasa au Tanga kama watu wote, likanitoka jina la kwetu: "Nakupa Tumbatu."

Na Seif, kama ilivyo ada, akajibu: "Nimekwenda Tumbatu, nimekula, nimekunywa, nimelala, nimerudi." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu wote wanajua anaposa wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nje nikamshika mkono. Nikamwambia, "Seif, nani kakwambia?"

"Mize kanambia. Kwani siri? Nlikuwa nimekaa naye na shangazi yenu, tunazungumza. Kasema utakitega wewe, na mume wake hatoshindwa mbele za watu." Akanipiga begani. "Mchezo tu, sheikh. Si tunakuwa ndugu?"

Mume wake hatoshindwa mbele za watu. Na ndugu yako je, dada? Ndugu yako ashindwe?

Asubuhi yake kiwandani hakuna aliyenijibu salamu. Pandu, ambaye hajui kuficha kitu moyoni, ndiye aliyesema: "Haji, mie n'nakuuliza tu. Shemeji yako kakipataje?" Wote wakaacha kazi kunisikiliza. Ilikuwa sentensi moja tu, nayo ingenisafisha. Lakini ningeisema, magharibi yake kila baraza ya mjini ingekuwa inazungumza kuwa Mize wa Tumbatu, mjane, anamtolea siri za mama yake mwanamme ambaye bado hajamwoa. Nikanyamaza. Kwa kunyamaza kwangu wakaelewa walivyotaka, kwamba nimewauza wenzangu kwa ajili ya shemeji. Unahodha wamempa Pandu. Siku za Alkhamisi sasa nakaa chumbani, na hakuna anayekuja kunigongea.

Imeniuma, dada. Si kombe, kombe lenyewe ni la bati. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Ukinigawia kichwa cha samaki ukasema umeshiba. Nilidhani katika dunia hii kuna mtu mmoja ambaye mimi kwake sitowekwa kwenye mizani na mtu mwingine. Umeniweka, na nimeonekana mwepesi.

Jibu lako ni hili. Nitakuja. Nikikataa nitakudhulumu, na Seif si mtu mbaya, ni mtu anayependa kushinda tu. Nitakaa mbele ya kadhi, nitampa mkono, nitakuozesha kwa radhi. Najua siku hiyo mjini watasema, si mnaona, tulisema. Na waseme.

Nisalimie shangazi, umwambie dawa ya kuchua nimeipata na nitakuja nayo. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani na mkewe. Wanao wabusu wote wawili, na yule mdogo mwambie mjomba anamletea penseli.

Kuna jambo moja hukuwa ukilijua, kwa kuwa ulikuwa umeshaolewa, na mama alikuwa akinichukua mimi kumbebea tenga. Jirani yule aliyemfukulia makumbi, mama hakumgombeza hata siku moja. Waliendelea kuchota maji pamoja, kuazimana chumvi, kuuguziana watoto. Lakini tangu mwaka ule makumbi yake aliyazika peke yake, alfajiri, mahali ambapo hakumwonyesha mtu yeyote mpaka alipokufa.

Mimi ni mwanawe, dada.

Ni mimi ndugu yako,
Haji