Dodoso Limenipa Alama Ndogo, Mke Wangu Anafunga Mizigo

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijaachwa. Mimi ni fundi wa friji, mke wangu ni karani, na tumeishi vizuri, au ndivyo nilivyodhani, mpaka dada yake ambaye ni muuguzi alipoleta dodoso la kupima dalili za usonji kwa watu wazima, lile la kujijazia mwenyewe, akasema litatueleza kwa nini niko hivi nilivyo, mke wangu akafurahi kupita kiasi, nami nikajaza kwa uaminifu wote kwa sababu kazi sifanyi nusunusu. Likauliza kama natambua msikilizaji wangu anapochoka, nikajibu ndiyo, kila mara, maana miaka yote ninayowaeleza watu habari za kompresa sijaona hata mmoja aliyechoka. Likauliza kama naweza kusoma hisia za mtu usoni, nikajibu ndiyo, kwa sababu mke wangu akinuna mimi humuuliza ana nini, naye husema hana neno, nami hujua hana neno, kwani mke wangu si mwongo. Hata siku aliyorudi kazini macho yamevimba nilimuuliza vizuri tu, akasema hana neno, ndipo nikamuuliza kama amenichukulia mpira wa mlango wa friji dukani. Basi alama zikatoka ndogo, shemeji akatangaza sina dalili yoyote, nikashangilia peke yangu. Mke wangu akasema, "Ningejua huwezi, ningekuvumilia. Kumbe unaweza, ila hutaki." Sasa anafunga mizigo aende kwa mama yake, nami nampenda, Shangazi, nyumba hii bila yeye sitaiweza. Je, nijaze upya, safari hii nidanganye kidogo ili alama zipande?

Fundi

Fundi mwanangu, pole, na weka kalamu hiyo chini. Umeulizwa kama unaona usichokiona, ukajibu kwamba hakijawahi kukupita. Hukudanganya, na hapo ndipo penye kasheshe. Dodoso la namna hiyo linajua yale tu unayoyajua wewe kuhusu nafsi yako, nawe hujijui. Mteja akikwambia friji lake ni zima huku maziwa yamechacha, unamwamini au unafungua mlango?

Shemeji yako naye kajitwisha cheo kisicho chake, maana karatasi ile haitoi hukumu, alama ziwe ndogo au kubwa. Mtafute mtaalamu anayepima watu wazima, uende na mkeo, kwa sababu atataka kumsikia anayeishi nawe. Akikuta ni usonji, si aibu, wala si ruhusa ya kumsahau mkeo. Asipokuta, bado una mke anayelia. Ukidanganya utaonewa huruma isiyo yako, na siku ikijulikana hata mama mkwe hatakufungulia.

Leo hii, kabla hajafunga begi la mwisho, kaa karibu naye na umwambie, bila kutaja kompresa: "Siwezi kuusoma uso wako. Nilidhani naweza. Niambie kwa mdomo, nitasikia." Kisha nyamaza. Hata akilia, usiinuke.