Nusu ya Kabichi Yetu Imelala Kwenye Friji la Mwanaume Mwingine

Shangazi Mshauri, pokea salamu za mtu aliyeshindwa kula. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari langu la kazi, nimeegesha nyuma ya duka la vipuri, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika haya, meza ya jikoni imejaa karoti za watu. Nakusihi unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikifika na mambo yakiwa hivi yalivyo nitapoteza mke, au nitapoteza jina langu la ufundi, na huenda vyote viwili vikaondoka kwa mlango mmoja.

Mimi ni fundi wa mafriji na mke wangu ni karani wa mapokezi katika zahanati, tunaishi wawili tu, na tulikuwa tunaishi vizuri, Shangazi, vizuri kabisa, mpaka lilipoingia kapu. Kule kazini kwake zilianza habari za kujiunga na shamba moja nje kidogo ya mji, mnalipa mwanzo wa msimu mkulima akiwa bado anapanda, halafu kila Jumamosi mnakwenda kuchukua kapu la kilichoiva wiki hiyo, huchagui, likija boga ni boga, na mvua ikigoma mmegomewa wote. Mke wangu akanibembeleza tujiunge pamoja, akasema twende wote Jumamosi, tupunge upepo, mimi nikamjibu kwamba mtu mzima mwenye akili zake hapangiwi mboga, nenda mwenyewe. Na hapo uelewe, Shangazi, tangu tuoane mimi ndiye mnunuzi wa mboga wa nyumba ile. Nikimaliza kazi napitia sokoni, nabonyeza nyanya moja moja hadi wauzaji wananitania eti naposa, nachagua biringanya zinazong'aa, nafika nyumbani na mfuko wangu, mke wangu anaufungua anacheka, anasema, "Mume wangu, wewe una mkono," na hata kama mchana kutwa nimetukanwa na wateja nasahau yote. Siku hizi ananipigia simu mapema, "Usipitie sokoni, kapu limejaa." Limejaa! Napita nje ya soko nikitazama upande wa pili kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Sasa sikiliza lililoniua. Kwa kuwa tuko wawili, kapu zima lingetuozea, kwa hiyo mke wangu akachukua nusu kapu, na utaratibu wa shamba ni kwamba mwenye nusu anatafutiwa mtu wa kuchukua nusu ya pili. Hilo mimi sikuelezwa, au nilielezwa nikiwa naangalia mpira. Nilichosikia kwa masikio yangu ni mke wangu akiwa jikoni, amenipa mgongo, simu iko sikioni, anasema kwa sauti laini, "Haya mwenza, Jumamosi basi, usichelewe kama wiki ile." Mwenza! Shangazi, mimi nimekulia nyumba ambayo baba alikuwa na wake wawili, neno mwenza nalijua, mama yangu alikuwa akilitamka kama anayetema mbegu chungu. Nilihisi baridi kifuani, mimi ambaye kazi yangu ni baridi. Nikauliza mwenza ni nani, naye akajibu hata bila kugeuka, "Yule mwalimu wa udereva wa mtaa wa nyuma, mwenza wangu wa kapu." Mwanaume! Tena anayeishi peke yake, ana mashati yaliyopigwa pasi, na gari lake lina breki mbili, moja upande wake!

Tangu siku hiyo sina raha. Wanakaa benchi moja kule shambani, kabichi wanaikata katikati kwa kisu kimoja, huyu nusu na huyu nusu, na nusu yetu mke wangu anaifunga kwa kitambaa cha maua alichokikata kwenye gauni lake kuukuu. Kila nikifungua friji nipate maji naiona imelala pale na ubavu wake uliokatwa, najiuliza ile nyingine imelala wapi. Wiki moja akarudi na karoti tele bila biringanya hata moja, nikamuuliza biringanya ziko wapi, akasema, "Nimebadilishana na mwalimu, yeye hapendi karoti na mimi sipendi biringanya." Nikamuuliza tena. Tangu lini hapendi biringanya? Akasema, "Tangu utotoni. Wewe ulikuwa unazileta umefurahi, nikaona ninyamaze nile." Shangazi, roho iliniuma vibaya mno. Mimi nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu miaka yote hiyo silijui hilo, na mwalimu wa udereva kalijua kwa Jumamosi chache!

Basi likatokea la kutokea. Friji la mwalimu likaacha kupoza, na nani akampa namba yangu? Mke wangu mwenyewe. "Nenda ukamsaidie mwenza wangu, nimemwambia hakuna fundi mjini kama wewe." Nikaenda. Mwalimu akanipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita shemeji, angekuwa mkorofi ningepona, lakini ni mstaarabu hadi unatamani kumkaba. Nikafungua friji. Nusu ya kabichi hiyo hapo! Na imefungwa kwa kitambaa cha maua, kitambaa kilekile, gauni lilelile ambalo mke wangu alilivaa siku ya kwanza nilipompeleka kwa mama. Damu ikanichemka. Nikalizungusha friji, nikafungua mgongo wake, ugonjwa nikauona palepale, kile kidude cha kuwashia kompresa kilikuwa kimeungua, na kipya ninacho ndani ya mkoba, kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Nikakitazama kile kidude, nikakitazama kile kitambaa, nikasema, "Pole mwalimu, kompresa imekufa, friji hili ni la kutupa."

Nilitoka pale nikipiga mluzi. Nilidhani mboga zake zitaoza, atachoka na kapu, mambo yataisha. Kumbe nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Jioni nafika nyumbani, nafungua friji, naikuta kabichi nzima! Nusu zote mbili, zimelala bega kwa bega. Mke wangu akasema, "Maskini mwalimu, si fundi umesema friji limekufa? Nimemwambia alete vitu vyake huku." Sasa mwalimu huyo anapiga hodi kwangu kila jioni kufuata nyanya zake, anakaribishwa, anakaa kwenye kiti changu, wanaongea habari za mbolea na mkulima wao, wanacheka, na mimi nimekaa pembeni kama mgeni aliyekuja kusubiri risiti.

Na jana akasema, kwa upole wake ule wa kuudhi, "Shemeji, usinielewe vibaya, Jumamosi mchana kuna fundi mwingine atapita kulitazama friji, niwe tu na uhakika kabla sijanunua jipya." Mke wangu akamjibu kwa maringo, "Mwache aje, atakwambia mume wangu hakosei." Nilikohoa hadi machozi yakanitoka.

Shangazi, niambie, nimwamuru mke wangu ajitoe kwenye hilo kapu kabla ya Jumamosi, au nimkalishe huyo mwalimu nimwambie akatafute mwenza pengine? Nakula kwa macho, silali, na nisikudanganye, juzi niliinusa ile kabichi.

Ni mimi, Fundi Niliyeganda.

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, kwanza shuka kwenye hilo gari ukale kitu, halafu rudi usome hapa ukiwa umeshiba, kwa sababu nitakusema.

Pole. Naanza na pole kwa kuwa wivu ni homa kweli na sikucheki. Haya, nimekucheka kidogo kwenye kabichi, lakini nimeacha. Nakuona unavyopita nje ya soko umegeuza shingo. Ulikuwa na kazi yako ndani ya ndoa, kazi ndogo unayoijua na kusifiwa kwayo, kapu likaja likaichukua, na hakuna aliyekuuliza unajisikiaje. Hilo linauma, na una haki ya kuliumia. Ungemwambia mkeo hivyo, kwa maneno hayohayo, leo nisingekuwa na barua yako mkononi.

Lakini hukusema. Ulialikwa Jumamosi ya kwanza kabisa ukasema nenda mwenyewe. Kile kiti cha kwenye benchi unachokililia kilikuwa chako, mwanangu, mwalimu amekikuta kitupu. Tena tazama ulivyoandika: barua yote hii ndefu, umemhoji mkeo kuhusu biringanya, lakini hujamwuliza hata mara moja kile kinachokunyima usingizi. Badala yake umekwenda kuliua kwa mdomo friji lililo hai.

Nawe umeniuliza kuhusu mkeo na kuhusu mwalimu, kuhusu friji hukuniuliza kitu. Niseme mimi. Mteja alikufungulia nyumba yake, akakupa kiti, ukamdanganya juu ya kazi ambayo mkeo anaitangaza kwa kifua mbele. Hapo ndipo pana ubaya katika kisa hiki, na ni wako peke yako. Mkeo anakata kabichi hadharani, jina la mwenzake analitaja bila kugeuka, namba ya simu anayoitoa ni ya mumewe, na mboga za huyo mtu anazileta mbele ya macho yako. Mwanamke mwenye la kuficha angefanya yote hayo? Na hicho kitambaa cha maua, gauni likichakaa vitambaa hutoka vingi, hata mimi navifungia vitunguu.

Neno mwenza nalo uliache. Mama yako alikuwa na sababu zake za kulitema, na maumivu yake hayakuwa madogo. Lakini mkeo si baba yako. Kwake mwenza ni mtu wa kugawana naye boga, basi.

Sasa fanya ninavyokwambia, na ufanye leo, usingoje Jumamosi. Gazeti hili limetoka Alhamisi, na kila zahanati ninayoijua ina gazeti kwenye meza ya mapokezi. Unajua nani anakaa pale. Ukidhani kuna kabichi nyingine mjini yenye kisa kama hiki, unajidanganya. Kwa hiyo huenda una saa chache tu kabla mkeo hajafungua ukurasa huu, na ni heri alisikie kutoka mdomoni mwako. Usianze na mwalimu, wala na mama yako. Anza hivi: "Nilidanganya kuhusu lile friji, na nilidanganya kwa wivu." Halafu nyamaza, umwache akasirike. Atakasirika. Usijitetee hata kama una maneno mazuri, na najua unayo, umeniandikia mengi.

Kisha chukua mkoba wako na hicho kidude uende kwa mwalimu, wewe mwenyewe, kabla fundi mwingine hajafungua ule mgongo. Mwambie ukweli akikutazama usoni. Sina hakika atakusamehe, ana haki ya kukufukuza, na ana haki ya kuwaambia majirani. Fundi anayesema nilikosa atapoteza wateja wachache, fundi anayefumaniwa hapati tena wa kumfungulia mlango. Akikuruhusu, litengeneze bila malipo na ungoje hapohapo lipoze. Halafu rudi kwako ukazichukue mboga zake, uzibebe kwa mikono yako, na ile nusu ya kabichi pamoja na kitambaa chake uiweke ndani ya friji lake wewe mwenyewe. Utaona haina uzito wowote.

Jumamosi panda gari uende shambani na mkeo kama bado anakutaka ubavuni. Chukua kisu, ukate boga, umwulize mkulima yale maswali unayowasumbua nayo wauzaji wa nyanya. Huenda ukafurahi. Usipofurahi, mwambie mkeo kwamba soko limekukosa na wewe umelikosa, mpange siku yako ya kuleta mfuko. Kapu la Jumamosi halifiki wiki nzima katika nyumba yenye mtu mpenda mboga kama wewe.

Jambo moja nimelibakiza, na ndilo lililonifanya nikuweke mbele ya barua zote za wiki hii. Umeniandikia kwamba mwalimu alijua kuhusu biringanya kabla yako, ukaliona hilo kama kuibiwa. Fundi, soma tena ulichokiandika. Mwalimu aliambiwa ukweli kwa sababu kumwambia hakukuwa na uchungu wowote, ni jirani, alitoa karoti zake, akachukua biringanya, akaenda zake. Wewe hukuambiwa kwa sababu uliingia mlangoni umefurahi, na mtu fulani hakutaka furaha hiyo ikutoke usoni, akakaa mezani akala asichokipenda, mwaka baada ya mwaka, akakwambia una mkono. Huyo ndiye unayetaka kumwamuru ajitoe?

Ukitoka kwa mwalimu, pitia sokoni. Bonyeza nyanya zako, taniana na watu wako, jaza mfuko. Biringanya ziache hapohapo zilipo.