Kichaa na Mpole

Jumatatu, 1 Juni

Mia moja hamsini na mbili! Kilomita kwa saa! Mwenye boti aliisoma saa yake mara tatu, kisha akaibusu. Ndiyo maana namwita Stopwachi — hata salamu yangu nadhani huipima.

Wote walitazama saa. Mimi nilitazama chini ya boti. Nikaona mwanga. Boti nzima imetoka majini, pua juu, imebaki kushikwa na propela tu. Sekunde moja, labda mbili. Kisha ikashuka, pwaa, ikaendelea.

Kiroboto akarudi gatini anacheka, kofia ya chuma kwapani. Mjomba, umeona? Nimeona, mama. Nimeona sana.

Huyu ni binti wa dada yangu. Miaka ishirini na mitatu, kilo arobaini na tisa akiwa amelowa. Yeye dereva, mimi fundi. Injini natengeneza, lakini ugonjwa wangu hasa ni propela. Hii ya leo nimeipiga tupa wiki sita. Mapanga manne, kingo nyembamba, ncha nimezikunja kidogo ili ziinue boti. Nimeiita Kichaa.

Mashindano ni Jumapili ya tarehe kumi na nne. Stopwachi anataka mia na hamsini na kitu. Basi kaipata, na siku kumi na tatu bado zipo. Nilipaswa kufurahi.

Jumanne, 2 Juni

Sijakaa chini leo. Nimefagia karakana mara mbili. Nimepanga spana kuanzia ndogo, halafu nikazipanga kuanzia kubwa. Mguu unauma — wa kushoto, wenye vyuma.

Miaka kumi na tisa sasa. Bwawa hili hili. Mwanga ule ule chini ya boti, ila mara ile sikuuona, nilisimuliwa tu. Mimi nilikuwa juu yake. Dada alinilisha kwa kijiko miezi mitatu, huku ana mtoto wa miaka minne anayemvuta gauni.

Leo kapiga simu saa nne. Kwanza hali, halafu kazi, halafu likaja lenyewe: mwanangu anasema mnakwenda vizuri, vizuri ndiyo vipi? Nikasema vizuri tu. Akasema, ukinirudishia ana vyuma kama vyako, usinijue. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ala! Mkuu si ndiye mimi? Na guu lililovunjika si langu?

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 3 Juni

Nimefanya. Liandikwe hapa tu.

Kichaa ana pacha. Kalibu moja, chuma kimoja, ila yule pacha nilimwacha na kingo nene kwa unywele tu na ncha hazijakunjwa sana. Haiinui boti. Nimemwita Mpole. Leo nimemng'arisha mpaka nikaona meno yangu, nikamtoa Kichaa kwenye boti nikamfunga yeye; Kichaa nikamvika taulo na kumficha kabatini.

Kwa macho hutawatofautisha. Hata mimi siwezi. Dawa yake ni kusikiliza: unaning'iniza propela kwa kamba, unaigonga kwa mpini wa tupa. Mpole anasema du, basi. Kichaa analia wembamba, mrefu — unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukamkuta bado analia.

Kiroboto alikuja saa nane. Akapitisha kidole kwenye panga moja. Mjomba, hii ndiyo ile ya Jumatatu? Ndiyo hiyo, nikasema. Macho makavu!

Ningesema nini? Kwamba naogopa? Fundi akishatamka kwamba anaogopa, watu wanatafuta fundi mwingine. Na yupo, ng'ambo ya bwawa, ana kompyuta, ana miguu miwili mizima, akili robo. Huyo angemfungia Kichaa na kumpigia makofi.

Ijumaa, 5 Juni

Mia moja arobaini na tatu.

Stopwachi aliitikisa saa. Akaitia sikioni. Akabadilisha betri yake! Kisha akanigeukia, na lawama ikahamia kwenye injini yangu, maskini, isiyo na kosa lolote. Nimebadilisha plagi, nimeosha nozeli, nimemwaga mafuta nikajaza mengine. Kazi bure mchana kutwa, jasho la kweli kwa ugonjwa wa uongo.

Kiroboto kasema boti imekuwa nzito, kama inaburuta gunia. Nikajitia hamnazo. Nikasema labda ni maji, leo yana mawimbi.

Maji yalikuwa kama kioo.

Jumapili, 7 Juni

Hakuna kazi. Ndiyo mbaya zaidi.

Jumatatu, 8 Juni

Mia arobaini na tatu tena. Stopwachi kasema kesho anamwita yule wa ng'ambo na kompyuta yake. Jambo la kwanza atakalofanya ni kufungua propela, aipime. Na nitaumbuka mbele ya mtoto.

Nikasema nipeni siku moja. Nikafunika boti kwa turubai, nikafukuza watu, nikafanya kazi peke yangu. Betri zilikuwa mbele, chini ya miguu ya Kiroboto, zikikandamiza pua. Nimezihamishia nyuma. Na injini nimeipandisha vidole viwili. Kasi itaongezeka bila Kichaa. Wao nimewaambia nimebadilisha filta.

Najua ninachofanya. Pua sasa ni nyepesi, lakini Mpole hana nguvu za kuiinua. Ni salama kabisa. Angekuwa Kichaa hapo nyuma, hata mita mia mbili isingefika, ingejipindua chali.

Lakini Kichaa yuko kabatini.

Jumanne, 9 Juni

Mia arobaini na saba! Stopwachi kacheka nusu mdomo. Fundi wa ng'ambo haji. Kiroboto kanipa mkono, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Filta tu, Mjomba? Filta tu.

Kabati siliamini tena. Kufuli lake hata mtoto wa chekechea analifungua. Nimemhamishia Kichaa kwenye sanduku langu la zana, chini kabisa, na taulo lake. Sanduku halitoki mkononi. Leo nimekwenda nalo hadi msalani, Stopwachi akauliza kama choo kimeharibika.

Alhamisi, 11 Juni

Kaja Kiroboto. Kapindua ndoo, akakaa juu yake, kama alivyokuwa akikaa na miaka saba yake. Enzi zile nikigonga propela, yeye kafumba macho, ananiambia ipi na ipi. Sikumbuki akikosea.

Akauliza: Mjomba, Jumatatu ile uliona nini?

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema mwanangu, niliona mwanga, nikaona mguu wangu, nikamwona mama yako na kijiko. Nikasema: niliona umekwenda vizuri.

Akachezea uzi wa glavu. Akasema mimi nilijua imeruka. Sikushtuka. Nilipunguza taratibu, pua ikashuka, kama ulivyonifundisha. Nilidhani utanisifu.

Nikasema spana namba kumi na saba iko wapi. Nilikuwa nayo mkononi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimelala vibaya. Nimekata kucha za mikono, sasa vidole vinauma vyote.

Kweli alipunguza taratibu. Nimekumbuka sauti ya injini siku ile: haikukatika, ilishuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi. Mimi mwaka ule niliachia ghafla. Mtoto ananizidi! Na nimemfungia gunia nyuma.

Basi nimwambie. Lakini nikimwambia la propela, nimwambie na la betri, la filta, la wiki nzima. Nimejipalia makaa mwenyewe. Na Stopwachi atasikia, na dada atasikia. Mashindano yapite kwanza. Arobaini na saba inatosha kumpa nafasi ya pili. Jumatatu nitasema yote.

Jumamosi, 13 Juni

Dada kaniita chakula cha mchana. Si ombi, amri. Akasema na hilo sanduku uliache, hakuliki mezani na grisi. Nimeliacha karakana, nikafunga mlango.

Kapika vya kulisha watu kumi na tulikuwa wawili. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, ananiongezea kabla sijamaliza. Kumbe kutotulia ni kwa ukoo. Akasema kesho anakuja kutazama — yeye, ambaye tangu ajali yangu hajawahi kukanyaga bwawani! Akasema silali, lakini nikikumbuka kwamba aliyeifunga ile boti ni wewe, napata usingizi kidogo.

Nikaweka kijiko chini. Nikasema pilipili. Hakikuwa na pilipili.

Kiroboto kaja tumekaribia kunawa. Alikuwa wapi? Kusafisha kofia yake, kasema. Nikamtania: kofia gani ina grisi, mbona kucha nyeusi kama zangu? Akaficha mikono chini ya meza, akacheka. Mama yake akamtuma akanawe tena.

Alikuwa na furaha. Kanikumbatia wakati wa kuondoka, jambo asilolifanya siku hizi.

Jumapili, 14 Juni

Gatini, saa tano kasoro. Upepo. Wamesimamisha mashindano kidogo. Boti zinapita moja moja, kwenda na kurudi, na Kiroboto ni wa nne. Ameshatoka, anaelea kwenye mstari wa kusubiri, namwona kofia yake nyekundu. Stopwachi yuko upande ule wa mwisho na saa yake. Dada yuko jukwaani, safu ya juu, mkoba kaukumbatia kama kuna mtu atauiba.

Wa kwanza, mia thelathini na tisa. Si kitu.

Wa pili anakwenda. Sanduku liko miguuni pangu. Ngoja niguse taulo nipate amani.

Liko. Propela imo.

Kuna karatasi ndani ya taulo. Mwandiko wake.

"Mjomba, jana nilifungua karakana kwa ufunguo wangu, nikafumba macho nikasikiliza. Hukuwa na haja ya kunificha, ungesema tu. Nimewabadilisha. Jioni nitakurudishia Kichaa wako mzima. Mama asijue."

Nimeigonga. Du.

Du!

Mpole yuko mkononi mwangu. Kichaa yuko kule. Na betri nyuma. Na injini juu. Na yeye anajua boti ya Jumatatu ile, hii ya leo haijui, hakuna aijuaye ila mimi.

Saa tano na dakika sita. Nimekimbia. Mguu huu, nimekimbia! Niko kwenye mnara wa redio. Fundi haruhusiwi kuongea na dereva — kanuni ya tangu mwaka juzi, fundi mmoja alipotukana hewani, sitaji nani. Ujumbe unaandikwa, mwenye redio anasoma. Kumwondoa dereva kwenye mstari anayeweza ni mwenye boti peke yake. Mwenye boti yuko kilomita mbili, anatazama saa.

Nimechana ukurasa humu.

"Upepo umezidi, usifungue yote." Nimefuta. Hilo namwambia kila siku, atacheka tu.

"Rudi, kuna bolti imelegea." Nimefuta. Alifunga bolti zile mwenyewe jana, anajua zilivyokaza.

Wa tatu ameanza.

Nimempa hii:

"Kiroboto. Tarehe nane nilihamishia betri nyuma nikapandisha injini. Haikuwa filta. Nilijua boti ina propela ile nyingine, Mpole. Kwa Kichaa boti hii itakupindua. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Wewe hukukosea kitu. Rudi. Mjomba."

Mwenye redio kaisoma kimoyomoyo. Kanitazama, katazama mguu. Fundi, hii inatoka kwenye spika zote, na za jukwaani pia. Niisome yote?

Yote.

Naandika nimesimama, la sivyo nitamnyang'anya maiki. Anasoma polepole, kama tangazo la kupotelewa. Betri nyuma. Haikuwa filta. Jukwaani watu wamegeuka. Niliogopa — anatamka kila herufi. Safu ya juu kuna mtu amesimama. Mkoba umeanguka, hauokoti.

Amemaliza. Wa tatu amefika mwisho. Mwenye bendera anangoja mstari uwe wazi.

Kofia nyekundu haigeuki. Redio inakwaruza tu.

Inakwaruza.

Halafu sauti yake, tulivu, kama yuko juu ya ndoo karakana:

"Mjomba. Hizo betri umezisogeza kiasi gani?"

Mwenye redio amenipa maiki.