Jiwe la Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI WA PILI
Kuhusu: trela iliyoporomoka korongoni na mama mmoja kuvunjika mguu
Jina: Mama Fundi
Umri: miaka 69
Kazi: kushona mapazia na foronya
Elimu: darasa la tatu
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa mafundi chuma
Yamechukuliwa Jumapili tarehe 11, saa 4:15 asubuhi, chumba cha maelezo

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeambiwa niseme kweli, na aliyeniambia ni kijana ambaye ningeweza kumzaa mama yake. Sawa.

Mwanangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, yuko mahabusu hapa kwenu tangu jana saa saba mchana. Mnasema ni mzembe. Nimekuja kusema kilichotokea ili atoke.

Fundi anachomelea mageti. Trela ile aliiunda mwenyewe uani, mbele ya mlango wangu, miezi minane. Ina magurudumu mawili, vitanda na jiko la gesi. Aliyemshikia mabati akiyapiga riveti ni mimi. Aliyeshona mapazia ya rangi ya machungwa, pindo mara mbili, ni mimi. Mama mkwe wake wakati huo alikuwa kwake anaangalia televisheni.

Huyo mama mkwe wake ndiye aliyeumia. Ni mama mzazi wa mke wa Fundi. Mjukuu wetu ana miaka saba, tunamwita Chiriku kwa kelele zake. Huyo mama, Chiriku anamwita Bibi Pipi. Mimi ananiita Bibi. Bibi tu, kama wa kwenye kitabu cha shule. Sina neno. Ila anayemwogesha, kumsuka na kumpeleka shule ni huyo Bibi tu. Pipi hazisuki nywele.

Mnamo Ijumaa tarehe 9, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka watu watano kwa pikapu ya Fundi, trela ikiwa nyuma. Tulikwenda kupumzika siku mbili jangwani. Mama huyo aliwekwa kiti cha mbele. Mwanangu alimwambia, "Kaa mbele, Mama, uupumzishe mgongo." Mgongo wangu mimi nadhani wanaona ni wa kuazima. Nilibanwa nyuma na ndoo.

Saa tisa na nusu alasiri tulifika ukingoni mwa korongo. Afande anapajua. Hakuna mti, hakuna nyumba, lami tuliiacha mwendo wa saa mbili. Nchi imepasuka ikawa shimo jekundu, ukitupa jiwe hulisikii likifika. Juu pana uwanja wa changarawe wa kupumzikia wageni, na hapakuwa na mtu mwingine. Fundi aliiegesha trela hatua kama thelathini kutoka ukingoni, dirisha la nyuma likitazama korongo, akaifungua kutoka kwenye pikapu. Uwanja unainama kidogo. Akaweka mawe manne, mbele na nyuma ya kila gurudumu, akasema kwa sauti: "Breki bado sijaifunga. Haya mawe ndiyo breki. Asiyaguse mtu." Nilisikia kwa masikio yangu yote mawili. Naomba hilo liandikwe, kwamba alisema na nilisikia.

Nilipoingia ndani kupanga vitu nikakuta mapazia ya maua ya buluu. Nikauliza. Mkwe wangu akasema, "Mama katuletea zawadi, Mama, tukaona tuyajaribu tu." Ya kwangu niliyaona nje, wamefunikia gurudumu la akiba. Nilikwenda kulitazama korongo. Lilikuwa zuri, na hilo nalo likaniudhi.

Kitanda cha dirishani alipewa mama huyo. Mimi nilipewa benchi linalokunjuliwa, miguu ikigusa mtungi wa gesi. Chiriku akasema analala na Bibi Pipi ili wahesabu nyota. Nikasema hesabuni, mkimaliza mnijulishe jumla.

Jumamosi tarehe 10, saa moja na nusu asubuhi, mama huyo alishaamka anakaanga mayai. Fundi alikaa kwenye ngazi ya trela na kikombe mkononi. Akasema, "Mama, chai hii ukinizoesha, nitahamia kwako."

Yeye akamjibu, "Kunywa, baba. Mtoto wa mwenzangu ni wangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku mbili zile za uchungu wa kumzaa Fundi sikumwona huyo mama kando ya kitanda. Akaniita, "Dada, njoo, chai inapoa." Nikasema nimeshiba. Huo ulikuwa uongo.

Nikaamua kupika maharage. Tangu Fundi ameota meno hajapata kuyakataa maharage yangu, hata sufuria huifuta kwa mkate. Tulikuwa na mzigo wa kuni wa kuota moto jioni, sufuria ninayo. Kilichokosekana ni mafiga. Mawe ya pale ni ya kupukutika, ukiyagonga yanakuwa unga, au ni bapa kama sahani. Nilizunguka uwanja mzima nikapata mawili mazima. Na mafiga mawili hayainjiki chungu, hilo hata asiyejua kupika analijua.

Saa mbili kamili Fundi, mkewe na Chiriku waliondoka na pikapu kwenda kuchota maji kwenye tangi la njiani. Tulibaki wawili. Yeye alikuwa ndani anaosha vyombo huku anaimba. Ana sauti nzuri, sitamnyima.

Nikayatazama mawe ya trela. Ni ya mtoni, magumu, Fundi aliyabeba kutoka nyumbani. Yalikuwa manne. Nikawaza hivi: mafiga matatu hubeba sufuria ya wali wa arusi na haitikisiki, kibanda hiki cha bati kitayashinda wapi? La nne nikaliona la urembo. Mwaweza kucheka. Mimi nimepika miaka hamsini juu ya mawe matatu, hakuna sufuria iliyowahi kunikimbia. Nikalichukua la nyuma, gurudumu la kulia. Lilikuwa limebana, nililipiga mara tatu kwa ukuni ndipo likatoka. Kwa hiyo asije mtu akasema liliteleza.

Sikutaka aumie. Nilitaka mwanangu akirudi akute sufuria yangu inatokota na jiko la mwenzangu limezimwa. Si jambo zuri, lakini ndilo nililolitaka.

Saa mbili na robo sufuria ilikuwa motoni. Nilikuwa nimeinama napuliza. Nikasikia changarawe inalia. Kugeuka, trela ilikuwa inajizungusha taratibu, kama ng'ombe aliyeamua kuondoka zake. Nikaita. Sikuita mwenzangu wala dada, niliita jina lake lenyewe, ambalo sikuwahi kulitamka tangu arusi ya watoto. Akatokea mlangoni na sahani. Nikamwambia, "Ruka."

Akasema, "Kuna nini?"

Nikasema, "Utauliza ukiwa chini. Ruka."

Akaruka. Mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti, niliusikia. Trela ikaenda na mapazia yake hadi ukingoni, ikainama, ikatoweka. Ilichukua muda kabla ya mshindo.

Nilikiweka kichwa chake mapajani mwangu nikamkinga jua kwa gauni langu. Tulikaa hivyo dakika kama ishirini. Akauliza, "Mawe yameteleza?" Nikalivuta gauni limkinge macho. Akageuza kichwa akayatazama mafiga yangu, akayahesabu kwa macho. Nilimwona anahesabu. Kisha akasema, "Dada, maharage yako yataungua."

Pikapu iliporudi na maji tukampakia, tukamfikisha hospitali saa tano. Mlangoni Fundi akaniuliza, "Mama, lile jiwe lilitokaje?" Nikasema sijui. Mlipokuja kumchukua saa saba, aliwaambia ni yeye aliyeyaweka vibaya, akapanda gari lenu. Mimi nilisimama pale na mkoba wa mwenzangu mkononi, mdomo umefungwa. Kwa hilo sina la kujitetea.

Leo nimefika hapa na ukweli wangu, afande akanisomea kwamba shahidi wa kwanza alishahojiwa wodini jana saa kumi jioni. Eti kasema jiwe alilitoa yeye, alitaka kuzuia mlango usipigwe na upepo. Afande akaniambia, "Bibi, nenda tu nyumbani, mama kakiri, kijana wako atatoka." Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na askari wa kaunta wanisamehe.

Upepo gani? Jana hata moshi wangu ulikuwa unapanda wima. Huyo mama amechukua kiti cha mbele, nikanyamaza. Kachukua dirisha, mapazia, mtoto, mpaka kikombe cha chai. Sasa anataka na kosa langu, ili mwanangu atoke humu akamshukuru yeye, ampelekee matunda wodini maisha yake yote. Hapana. Aliyemtia Fundi ndani ni mimi, na wa kumtoa ni mimi. Mguu uliovunjika ni wake na bado ananifichia aibu. Hilo sijajua niliweke wapi, mnaweza kuliacha bila kuandika.

Kama hamniamini nendeni uwanjani. Mafiga yangu yako pale pale. Moja lina alama ya tairi upande mmoja na masizi upande wa pili. Yeye hawezi kuwaambia hilo kwa sababu hajapikia juu yake.

Nimeyatenda mimi na nimeyasema mimi, sikufundishwa na mtu, wala sitaki kugawana na mtu.

Sahihi ya shahidi: MAMA FUNDI (ameandika mwenyewe)

Maoni ya askari: Nimeyaandika kama yalivyosemwa, nikamsomea shahidi mara mbili. Nilipendekeza kuongeza maneno "kwa bahati mbaya" penye habari ya jiwe, amekataa. Saa 5:40 nimempigia simu shahidi wa kwanza wodini na kumweleza. Amesema habadilishi neno lake, na kwamba mwenzake ni mtu mzima, jua la jana limempiga kichwani. Shahidi wa pili alipoarifiwa, ameomba karatasi nyingine.