Shangazi, Siku Uliyochagua Bunduki ya Bata Mzinga

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakupa habari za jana, acha nikumbushe mambo yalivyoanza, maana wengine watakaosoma barua hii hawakukufahamu.

Yalianzia kituo cha basi hapa Richfield, huku ugenini. Theluji ilikuwa imeyeyuka, tunangoja basi lako la kwenda kazini, mara kundi la bata mzinga likavuka barabara kwa maringo na magari yote yakasimama. Ukanishika mkono. "Ndege mukubwa hivi, na haiko na mwenyewe?" Nikakuambia ni wa porini, na kwamba wenzangu wa Tanzania kule kambini kwa wakimbizi waliwaita bata mzinga. Ukacheka. Kwenu Uvira mlimwita dindo tu. "Mzinga? Basi lazima iko na vita na watu."

Jioni hiyo ulinivuta hadi uani kwa jirani yetu Mzee Verne, aliyekuwa akipalilia maua, nikutafsirie. Akatueleza kwamba mjini hawaguswi, ila huko mashambani, msimu ukifunguliwa, mwenye kibali anaruhusiwa kuwinda dume. Akauliza, nusu kwa mzaha, kama mama huyu angependa kujaribu. Nilijua utakataa. Wewe, ambaye fataki za Julai zikilia unajifungia bafuni na redio! Lakini ulisema, "Mwambie nataka kwanza kuona vyombo vyenyewe."

Ndivyo tulivyofika kwenye duka la bunduki karibu na Roseville, sisi watatu. Bunduki zilikuwa zimesimamishwa ukutani kama majembe dukani. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi, na nadhani hakuwa amewahi kukutana na mteja kama wewe.

"Muulize, kwa nini hii mdomo wake ni mupana kuliko hii?"

Akasema ile pana ni ya kipimo cha geji kumi na mbili, inabeba marisau mengi, zile punje za ndani ya risasi, lakini inapiga bega kama teke la ng'ombe. Nyembamba ni geji ishirini, maana namba ikipanda mtutu hupungua. Marisau machache, ila nyepesi, na mtu wa kimo chako angeweza kuishika kwa muda mrefu bila mikono kutetemeka.

"Na kwa nini punje nyingi, isikuwe risasi moja?"

Akagusa shingo yake mwenyewe. Alisema bata mzinga ana manyoya manene na mifupa migumu, ukimpiga mwilini atakimbia akafie vichakani. Unalenga kichwa na shingo, na viungo hivyo havitulii hata kidogo. Ndiyo maana unamrushia konzi nzima ya punje ndogo. Akachukua ganda la risasi lililokatwa ubavuni, akakumiminia marisau kiganjani. Ukayageuza kwa kidole, ukayanusa. "Kama ulezi," ukasema, na mimi sikujua kutafsiri ulezi.

Hapo ndipo mteja mmoja nyuma yetu alipokoki bunduki, chuma kikalia juu ya chuma.

Uliishika kaunta kwa mikono yote miwili. Marisau yakamwagika, yakabingirika sakafuni. Nikakukumbatia mabegani nikasema, "Shangazi, twende nyumbani."

"Hatuendi fasi yoyote." Ulivuta pumzi. "Mwambie huyu mama aifanye tena. Polepole. Nataka kuona ni nini inalia."

Niliona haya kutafsiri, lakini nilitafsiri. Yule mama alikutazama. Akashusha bunduki ukutani, akahakikisha haina kitu ndani, akavuta kishikio cha chini ya mtutu taratibu sana, akikuonyesha chuma gani kinateleza na kipi kinafunga. Akarudia. Mara ya mwisho alikupa wewe. Ukavuta, ukasukuma, ukasikiliza ukiwa umeinamisha kichwa.

Garini, tukiwa barabara kuu, ndipo uliponiambia, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Mlio ule wa bunduki ndio uliousikia mlangoni usiku watu wenye silaha walipomchukua baba yangu, nami nikiwa mgongoni mwako. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijua tu kwamba baba "hakurudi."

Siku ya kujaribu risasi, kwenye shamba la binamu yake Mzee Verne, ulipiga kwanza geji kumi na mbili yake. Ikakukalisha matopeni. Tulidhani umeumia, kumbe ulikuwa unacheka. Ukashika ile ya geji ishirini uliyonunua, na kwenye karatasi zenye vichwa vya ndege mkapima marisau ya namba nne, namba tano, namba sita. Mzee Verne alikueleza kwamba namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo lakini nyingi. Alikaza mdomoni mwa mtutu kile kibomba kinachozuia marisau kutawanyika upesi. Namba sita ndiyo iliyojaza shingo ya karatasi matundu. Ukamwomba arudishe karatasi nyuma, tena nyuma zaidi, hadi marisau yakaanza kuikosa shingo na kutoboa pembeni. "Donc, basi, tutamungoja akuje karibu," ukasema. "Kama hakuji, tunarudi nyumbani."

Siku ya kuwinda, nakumbuka zaidi kule kungoja kwenyewe. Mti mgongoni, baridi ya alfajiri, ndege wadogo wakianza kuamka. Mbali barabarani mtu akabamiza mlango wa gari, na dume mmoja mtini akamjibu kwa kelele kana kwamba ametukanwa. Ukaziba mdomo kwa glavu, mabega yakakutetemeka kwa kicheko.

"Elias angecheka mpaka wote wakimbie."

Sikuwa nimewahi kukusikia ukilitaja jina la baba bila kushusha sauti. Ukaninong'oneza kwamba alikuwa akienda shambani kuwaigiza kanga, vibaya kabisa, hadi kanga wenyewe wanakuja kutazama ni mjinga gani huyo. Nilitaka kuuliza mengine, lakini dume alikuwa ametokea, mkia ameufungua. Ulimngoja. Ulimngoja hadi nikadhani umesahau kilichotuleta. Kisha ukapiga, akaanguka palepale. Ukakaa kando yake ukifungua bawa, ukiniuliza mimi kwa nini manyoya meusi yana rangi ya shaba na kijani yakigeuzwa juani. Tulimpika na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na Mzee Verne akaomba kuongezewa.

Kisha figo zako zikachoka, tukakuzika, na bunduki ikabaki kwangu.

Msimu huu nimeenda kuchagua risasi mwenyewe. Shangazi, ungeona! Siku hizi kuna marisau ya madini mazito kuliko risasi ya kawaida, madogo kama mbegu za mchicha, na geji ishirini yako inayapeleka mbali kuliko tulivyozoea. Kwa nini kitu kidogo hivyo kipenye zaidi? Nilimhoji muuzaji hadi akaita mwenzake. Nikayajaribu kwenye karatasi, nikajiona nimeridhika, lakini bado niliamua nitamngoja aje karibu.

Jana dume alikuja. Majike walikuwa nyuma yake, na marisau hayachagui, kwa hiyo nilimwacha atembee hadi akasimama peke yake. Nilipopiga, mikono yangu ilikuwa imetulia. Akaanguka.

Tukiwa tumembeba kurudi garini, Mzee Verne aliniuliza kitu ambacho hakuwa amewahi kuniuliza miaka yote hii. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?

Nikaweka ndege chini. Nikamwambia alikuwa anaitwa Elias, na kwamba alikuwa akiwaigiza kanga. Nikamwonyesha jinsi alivyofanya, kwa kukisia, katikati ya msitu, kwa sauti yangu yote.

Pumzika, Shangazi. Kuuliza niachie mimi.

Binti wa kaka yako