Kibanda cha Baba Kilichokwenda Munje

Jumatatu, 14 Mei 1956

Idi imepita juzi tu, na Baba keshaanza wazimu mpya.

Amerudi kutoka Diani na mwavuli. Si wa mvua — ule mkubwa ambao Wazungu hukaa chini yake ufuoni. Upepo uliurarua, wakautupa, Baba akauokota. Njiti zote nzima, anasema, utadhani ameokota lulu. Nguo atashona yeye: juu kitambaa cha chandarua, chini sketi ndefu yenye pindo la kujaza mchanga, mbu asipate pa kupenya. Ukitaka kulala unafungua. Ukitaka kuondoka unakunja, unatia begani, twende. Eti Wazungu wa Diani watakigombania.

Baba ni fundi cherehani hapa sokoni Msambweni. Kanzu zake zinasifiwa mpaka Vanga. Basi si ashone kanzu!

Bibi — mamake — amemwambia mbu hufukuzwa kwa kivumbasi na moshi wa makumbi. Kisha akauliza: "Na jibu la Munje, Kibwana? Idi ndiyo hiyo imekwisha." Baba akajifanya anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Jibu la Munje ni mimi. Kabla ya Ramadhani Bi Esha wa Munje, kijiji jirani, alileta posa kwa ajili ya mwanawe Abdurahman, anayefanya kazi kwa fundi baiskeli Mombasa. Baba akasema wangoje Idi. Kumbe hakusudii kujibu kabisa, aliniambia mimi peke yangu. Tukinyamaza, posa itajifia yenyewe bila mtu kuaibika, na mimi Julai nitakwenda zangu chuo cha ualimu. Nimepita mtihani. Nafasi ninayo. Bibi anasema msichana mwenye nafasi na asiye na mume ni nyumba yenye mlango na isiyo na paa.

Mama angekuwapo angesema neno. Lakini Mama yuko Kikoneni kwa mume mwingine.

Alhamisi, 17 Mei

Kibanda kimekwisha. Nani alale ndani kwa majaribio? Mimi, Mejumaa. Nani mwingine!

Kwanza, mlingoti wa mwavuli uko katikati. Mlalaji sharti ajikunje kama jongoo kuuzunguka. Nilimwambia Baba. Akasema basi jikunje.

Halafu kile kishikizo cha kuuzuia mwavuli usijifunge kimeliwa na kutu. Nikageuka ubavu — pwaa! Njiti zote zikanishukia, chandarua kikanizingira, nikawa dagaa kwenye kimia. Sikupiga kelele. Mimi sipigi kelele, na hilo ndilo balaa langu tangu utotoni. Nikakaa humo mpaka alfajiri Bibi alipotoka kutawadha, akashtuka: "Lo! Hii nini tena?" Nikasema ni mimi. "Sema kwa sauti, jamani!" Nikasema ni mimi, kwa sauti ileile.

Mbu waliokuwa nje hawakuingia, ni kweli. Waliokuwa ndani hawakutoka.

Jumamosi, 19 Mei

Sisahau wala sisamehi.

Baba amekifungua kibanda mbele ya duka, siku ya soko, na mimi ndani yake! Anasema kitu kitupu hakiuziki. Nikaomba akae Dama, binti wa shangazi, ambaye haoni haya hata mbele ya liwali. Baba akasema Dama ni mnene, atafunika kazi.

Nikalivuta buibui mpaka puani. Mzee Shutu muuza samaki akapaza sauti: "Fundi, umenasa nguru au changu?" Soko zima kwa! kwa! kwa! Mwanamke mmoja akasema bi harusi keshawekwa ndani, bwana harusi yuko wapi? Watoto wakapenyeza vijiti waone kama ninauma. Na Baba anahubiri kama Bwana Afya: mbu ndiye mleta homa, enyi watu, si umande, si maembe! Hakuna aliyenunua.

Kisha akaja Bi Esha. Hakucheka. Alilishika pindo kwa vidole viwili, akasema mashallah, mshono huo. Akatutajia kwamba Abdurahman yuko nyumbani, amerudi na homa, mbu wa Mombasa wamemmaliza na wa Munje wanamalizia. Nikamwona Baba macho yanavyometameta. Nikajua hakuna heri.

Niliandike hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Shuleni nilikuwa nasimama na kusoma Kiingereza mbele ya darasa zima bila kutetemeka. Kiingereza hakinijui, kwa hiyo sikionei haya. Kiswahili kinanijua mpaka kwetu.

Jumapili, 20 Mei

Nilivyodhani ndivyo. Kibanda kinakwenda Munje kesho, akilalie Abdurahman. Mgonjwa wa homa akilala salama, nani atabisha tena? Nikamuuliza, Baba, na posa je? Akasema: "Posa na mbu wapi na wapi?"

La ajabu ni Bibi. Hakugomba. Amekichukua kibanda, amekifukiza udi jioni nzima, eti kisiingie nyumba ya watu kinanuka mwavuli wa Kizungu. Katika mikunjo ametia asumini. Nimefurahi kwamba moyo wake umelainika.

Jumatatu, 21 Mei

Tulikwenda mimi na Dama. Kibanda kichwani kwangu, maneno kinywani kwake, njia nzima.

Tukapiga hodi. Shikamoo, Bi Esha. Marahaba, mwanangu, umetumwa na babako? Nikaitikia kwa kichwa. Na bibi yako ana habari? Hapo nikasema sentensi nzima, nikajivunia: "Yeye ndiye aliyekifukiza udi."

Bi Esha akajiziba mdomo. Kisha akapiga kigelegele. Wanawake wakatoka kila ua, nao wakapokea. Nikawaza: Munje wanampenda mgonjwa kiasi hiki! Wakanipaka mafuta ya waridi viganjani. Dama akanyamaza. Dama, kunyamaza! Hapo ilinipasa kujua.

Abdurahman alikuwa amelala barazani, anatetemeka ndani ya blanketi adhuhuri yote hiyo. Akafungua jicho moja, akakitazama kibanda kinavyofunguliwa. Akasema: "Ahsanteni. Lakini mlingoti uko katikati."

Nikacheka. Kwa sauti. Sijui ilitoka wapi.

Jumanne, 22 Mei

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Dama alinieleza jana tulipokuwa tukirudi. Kumbe jibu la posa halisemwi kwa mdomo. Ukikataa, hupeleki kitu. Ukikubali, unapeleka nguo mpya nyeupe iliyofukizwa, na kule wanaipokea kwa vigelegele. Basi! Kibanda kizima ni nguo mpya nyeupe! Tena kimebebwa na mwari mwenyewe kichwani, jambo ambalo Dama anasema halijapata kusikika tangu Kwale iwe Kwale. Shuleni nilifundishwa mito ya Uingereza na miji iliyo kandokando yake. Hili hakuna aliyenifundisha.

Nilipomwambia Baba, pasi ilimponyoka, nguo ya mtu ikaungua. Akaenda kwa Bibi. "Mama, ulijua?" Bibi anatafuna tambuu yake. "Nijue nini, mwanangu? Mimi nilifukiza mwavuli." Na akatabasamu!

Na Baba naye! Mshona nguo za maharusi miaka yote hii! Anasema alikuwa akifikiria mbu.

Alitaka kwenda kukirudisha. Akavaa kofia, akaivua. Akavaa tena. Kitu kilichopokewa kwa vigelegele, ukakivua juu ya mgonjwa anayetetemeka? Watasema nini? Akakaa.

Jumapili, 27 Mei

Abdurahman amepona. Munje nzima inasema ni kibanda. Mimi nasema ni kwinini ya hospitali, lakini nani ananiuliza mimi. Mpishi wa Mzungu mmoja wa Diani amekuja leo kuagiza vibanda viwili, na Baba, aliyeisubiri siku hii, akampokea kama aliyeletewa taarifa ya msiba.

Kibanda kimerudi. Dama amekileta, ili Baba akione kabla ya kushona vingine. Abdurahman ameondoa kile kishikizo cha kutu, mahali pake ametia kulabu aliyoikunja kwa spoki ya baiskeli. Ukiipachika, kibanda hakianguki hata ukitikise. Ukiigusa kwa kidole, kinashuka chote mara moja. Na salamu ametuma: mwambie aliyekibeba, sasa anaweza kugeuka ubavu.

Amejuaje? Dama! Mdomo wa Dama hauna kulabu.

Sasa lile la kuungama. Nimeichezea ile kulabu mchana kutwa, kupachika na kupachua. Si kwamba simtaki. Hilo ndilo linaloniudhi! Angekuwa mtu mbaya, ningejua la kufanya. Lakini Dama alimuuliza, Mejumaa utamwacha aende chuo? Akajibu: tutaona. Tutaona! Ndivyo Bibi alivyonijibu nilipotaka viatu, na nilipotaka kwenda kwa Mama Kikoneni. Miguu yangu bado mitupu, na Kikoneni sijapaona.

Jumatano, 30 Mei

Bibi na Bi Esha wamepatana. Nikaha Ijumaa baada ya sala, hapahapa nyumbani. Harusi baadaye. Bibi anasema jambo jema halilazwi.

Baba alinifuata jikoni nikikuna nazi. Akazungumza na nazi, si na mimi. Akasema akikataa yeye ni ugomvi wa nyumba mbili, na mamake hatakula kwake tena. "Lakini mwalimu wa msikiti hawezi kuifunga ndoa bila kukuuliza. Atakuja na mashahidi wawili. Ukikataa wewe, ni sheria, hakuna wa kulaumiwa. Sharti useme, mwanangu. Ukinyamaza umeridhia. Kimya cha mwanamwali ni ridhaa."

Nikanyamaza.

"Mejumaa!"

Nikasema nimesikia, Baba.

"Unasemaje?"

Hakusikia kwamba nimesikia. Ya Rabi.

Alhamisi, 31 Mei

Nimejizoeza lile neno kisimani. Kwa Kiingereza lilitoka mara ya kwanza, safi, kama la mwalimu. Lakini Bibi hasikii Kizungu, wala mashahidi. Kwa Kiswahili nimeinama juu ya kisima nikasema hapana. Mbuzi wa jirani hata sikio hakutikisa.

Ijumaa, 1 Juni

Naandika ndani ya kibanda. Kweli!

Bibi alisema mwari haulizwi uso wazi, liwekwe pazia. Pazia letu limechanika. Baba, bila kumtazama mtu, akaenda kuleta kibanda, akakifungua katika chumba cha ndani, akapachika kulabu. Nikaketi, mlingoti mbele ya pua yangu, asumini ya Bibi imekauka kwenye mikunjo. Daftari langu nimelikalia.

Mwalimu Chirau akasimama mlangoni na mashahidi wake. Sauti ya upole, siwezi kumlaumu. Mejumaa binti Kibwana, umeridhia babako akuoze kwa Abdurahman? Kimya. Ulimi umeganda kama samli. Mwalimu akaanza, "Alhamdulillahi, kimya chake ni —" Baba akakohoa.

"Muulize tena, mwalimu. Hakusikia. Mbu wana kelele humo."

"Mbu saa tisa za mchana?" Bibi akasema. Shahidi mmoja akacheka puani.

Akauliza mara ya pili. Nililisema! Wallahi nililisema. Mdomo ulifunguka, neno likapita, na chandarua hakikutikisika hata uzi. Mwalimu akawatazama mashahidi. Mmoja akasema hakusikia kitu. Wa pili akasema ameona midomo ikicheza. Bibi akasema amesema ndiyo, tumalize, wali unapoa. Mwalimu akasema midomo si ushahidi, mama yangu. Mara adhana ya alasiri. Akasema tuswali kwanza, tukirudi tutamuuliza mara ya tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Wamekwenda. Baba alikuwa wa mwisho kutoka. Aliacha penseli yake ya chaki ya kupimia nguo kwenye mkeka, karibu na pindo. Sijui kama ameisahau. Ndiyo ninayoandikia, na inachafua kila neno.

Niseme ukweli wote basi. Kuna Mejumaa mwingine humu ndani ambaye anataka kunyamaza. Akinyamaza wataamua wao, na yeye atawalaumu maisha yake yote akiwa amekaa kitako. Kulaumu watu hakuhitaji sauti. Bibi, Bi Esha, Baba na mbu wake, wote atawalaumu. Namjua huyo. Ndiye aliyekaa kwenye kimia mpaka alfajiri.

Nasikia makubadhi barazani. Wameswali upesi. Bibi anawakaribisha kwa furaha. Baba anakohoa tangu uani, kikohozi cha mtu mwenye kifua kizima. Mwalimu anasema bismillahi.

Kulabu iko hapa juu ya sikio langu. Nikiigusa, njiti zote zitanishukia mbele yao, pwaa, na safari hii sharti nipige kelele.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeuinua