Kifungu cha Tisa Ambacho Sikukusomea

Mwanangu Wilondja, mtoto wa mdogo wangu Feza,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Mara ya mwisho nilisikia unatengeneza baiskeli Nathenje. Kisha mtu mwingine akasema alikuona Mitundu siku ya soko, umekaa chini mbele ya gurudumu, mguu wa kulia umeunyoosha kama kawaida yako. Akasema hukumwona. Nadhani ulimwona. Ndiyo maana naiandika barua hii wazi. Nimewaomba watu wa kanisa waisome mbele ya wote hapa kambini Dzaleka, na wampe nakala kila anayekwenda Mitundu, Nathenje au Madisi. Siandiki ili urudi. Kuna jambo ambalo watu wa hapa wanaliamini juu yako, nalo si kweli, na mbali na wewe, anayejua ukweli huo ni mimi peke yangu.

Miguu yangu imevimba, siwezi tena kufika hata bombani. Nesi akija husikiliza moyo wangu, halafu hutazama mlango kabla ya kusema neno. Nalala katika chumba kile kile, chini ya bati lile lenye tundu ulilosema utaliziba. Wanasema kabla yetu mahali hapa palikuwa gereza. Zamani nilikuwa nacheka nikisikia hivyo. Siku hizi sicheki.

Unakumbuka kamusi? Vita ya kwanza ilipofika Uvira nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, nawe ulikuwa na miaka kumi na minne. Mama yako alifia njiani, kabla hatujaona maboti. Nilitaka kuitupa ile kamusi yangu nene ya Kifaransa na Kiingereza, ukaninyang'anya ukaiweka kichwani. "Mama mukubwa, kitabu hii iko nzito kupita sufuria," ulilalamika, "na haipiki kitu!" Lakini hukuitupa. Tulivuka ziwa nayo, tukapita Tanzania nayo, tukaingia nayo Malawi. Hapa ndipo nilipojifundisha Kiingereza, neno kwa neno, kutoka katika kurasa ulizozibeba wewe. Nikawa mtu wa kusomea watu karatasi: barua za ofisi, majibu ya mahojiano, vyeti vya hospitali. Watu wa Fizi, watu wa Uvira, Warundi, wote walikuja mlangoni kwangu. Na wewe ukakua ukicheza mpira kwa namna iliyowafanya watu wa Dowa waje kutazama.

Siku uliyoleta mkataba wa kalabu ya Lilongwe vita ya pili ilikuwa bado inawaka nyumbani, na hakuna aliyekuwa akizungumza habari za kurudi. Ulikuja na karatasi nne, jasho usoni, majirani nyuma yako.

"Mama mukubwa, soma polepole, bantu nabo basikie."

"Soma na jina la kocha!" alipiga kelele fundi Etienne, yule fundi nguo mwenye tumbo. "Nataka nijue ni nani atakayenishonesha jezi!"

"We utashona jezi? Hata suruali yako imekushinda!" ulimjibu, watu wakacheka.

Nilisoma. Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, halafu natamka kwa Kiswahili. Nilipofika cha tisa nilikisoma kwa macho mpaka mwisho. Nikageuza ukurasa nikasoma cha kumi.

Hakuna aliyejua. Ulitia sahihi juu ya goti langu, ukiwa umeinama, na nikaona kisogo chako, nywele zilizonyolewa vibaya na mimi mwenyewe.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikificha kifungu kile kwa faida yako. Nilijiambia kwamba ungekisikia ungekataa kutia sahihi, kwa vile ulivyopenda mpira wa hapa, na ungekosa kibali cha kutoka kambini. Uongo mtupu. Ungetia sahihi hata kama kifungu kingesema ulale umesimama. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kile kifungu kilikuwa kinakukataza mpira wa Jumapili na watu wetu, nami nilijua kwamba mpira huo ndio uliokuwa unakurudisha. Si mimi. Si ugali wangu wa nsima. Nilifikiri, akikatazwa mpira, atafuata nini huku kwenye vumbi? Nilikuwa nimezika kila mtu, Wilondja. Ulikuwa wa mwisho.

Na ukarudi kweli. Kila ulipopewa mapumziko ulipanda basi dogo mpaka njia panda, ukamalizia kwa kabaza, baiskeli ya abiria, mkate chini ya kwapa. Ulinisalimu ukiwa tayari unavua viatu. Nilikuuliza siku moja kama hukuchoka, mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima.

"Kule Lilongwe mi nafanya kazi, Mama mukubwa. Huku njo nacheza."

Mara za kwanza nilikaa kando ya kiwanja. Kila ulipoanguka nilisimama. Halafu uliinuka, ukapangusa vumbi, ukacheka, na siku zikapita, nami nikazoea. Hofu ikapungua, nikaanza kuona kwamba waliokiandika kifungu kile ni watu wa maofisini tu, wasiojua furaha ni nini.

Kisha ikaja Jumatatu ya Pasaka.

Unajua desturi yetu. Wenye ndoa upande mmoja, makapera upande mwingine, na watakaoshindwa watawapikia washindi na kuwaandalia wakiwa wamepiga magoti, wanaume kwa wanaume. Mwaka huo wenye ndoa walikuwa wanaongoza kwa mabao mawili, na fundi Etienne alikuwa anakimbia na viatu vya kanisani akiwatukana makapera: "Batoto ba nyonyo! Nendeni mukachote maji! Mi nataka muchele, sitaki nsima!" Wewe ulikuwa umekaa karibu nami kwenye mkeka. Ulikuwa na mechi Jumamosi inayofuata, ulisema utatazama tu. Makapera wakakuita. Mtu mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mumuache, huyu sasa ni muntu ya Lilongwe. Amekwisha kutusahau."

Neno hilo liliniingia mimi kuliko lilivyokuingia wewe.

Ukanigeukia. Ulinong'ona, kwa sababu ulikuwa na adabu. "Mama mukubwa, kuna mwenzangu kule anasema bachezaji bamekatazwa mipira ya mutaani. Karatasi yangu haisemi kitu?"

Hapo ndipo ningeweza kuponya yote. Ulikuwa umekaa, viatu viko miguuni, magoti yako mazima yote mawili. Nilikutazama usoni nikasema:

"Haisemi kitu. Ingia kidogo tu, banakungoya."

Ukaingia. Ukafunga moja, na nikapiga vigelegele na kucheza, mimi mwalimu mzima. Halafu kule karibu na kona, pale maji ya mvua yalipochimba mfereji, ulipiga chenga, Etienne akateleza na vile viatu vyake akakuangukia na uzito wake wote, mguu wako ukiwa ndani ya mfereji. Hakukupiga teke. Alianguka tu, kama gunia. Nililisikia goti lako kutoka kwenye mkeka.

Makapera walishindwa. Hakuna aliyepika.

Baada ya wiki mbili kalabu ilituita. Nilikwenda nawe Lilongwe kwa sababu Kiingereza chako kilikuwa bado kidogo. Ile ofisi ilikuwa na feni isiyozunguka na picha za timu ukutani, na wewe ulikuwa katika mojawapo, umesimama mstari wa nyuma. Katibu alikuwa mtu mpole. Aliniita agogo, yaani bibi, akanipa kiti chake. Kisha akaufungua mkataba, akaweka kidole juu ya kifungu cha tisa na kuuliza kwa Kiingereza, polepole, kama kuna mtu aliyekueleza kifungu hiki kabla hujatia sahihi. Alisema kama hukuelezwa, hilo ni jambo jingine, anaweza kulipeleka kwa wakubwa.

Nilikutafsiria swali. Hilo nililitafsiri lote. Ukanitazama, na nikaona uso wako ukielewa. Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Ulielewa kifungu, ulielewa mkeka, ulielewa kila Jumapili.

Kisha ukamtazama katibu.

"Mwambie ndiyo. Mama mukubwa alinisomea yote. Ni mimi nilisahau."

Nami ndiye niliyekuwa mkalimani, Wilondja. Niliyachukua maneno yako ya kunikinga, nikayatia katika Kiingereza kwa kinywa changu mwenyewe, sentensi safi, bila kosa. Katibu akanipa pole, "Pepani, agogo," akagonga mhuri. Kibali chako cha kukaa mjini kilikuwa kimesimama juu ya barua ya kalabu. Kalabu ilipokuacha, na kibali kikafa.

Ndani ya basi dogo ulikuwa umeunyoosha mguu kati ya viti, watu wakiuruka kupita. Tulipokaribia njia panda ulisema neno lako la pekee juu ya jambo lile, na hukulirudia tena mpaka leo:

"Usiseme kitu, Mama mukubwa. Bantu banakuhitaji."

Nikakutii. Ilinifaa kukutii.

Tangu siku ile kila karatasi inayokuja mlangoni kwangu naisoma mpaka mwisho. Nasoma namba za simu, nasoma anwani ya waliochapa. Watu wananicheka. "Mama mukubwa anasoma hata muhuri!" Wanadhani ni uangalifu wa mwalimu. Wakati huo huo walikuwa wanasema juu yako: kichwa ngumu, alisomewa, akacheza tu. Wazazi wakawa wanawaambia watoto wasiosikia, "Usifanye kama Wilondja." Nilisikia bombani, nilisikia kwenye foleni ya unga. Nilichukua ndoo yangu nikaondoka.

Na kuna Jumapili ile. Mhubiri alizungumza juu ya kutotii, akataja jina lako, nawe umekaa palepale kwenye benchi la pembeni kwa sababu ya goti. Hakuwa na nia mbaya. Alisema kuna kijana wetu aliyesomewa kila kitu, mlango wa kutokea ukiwa wazi mbele yake, na kwa kiburi akaufunga mwenyewe. Watu wakaitikia. Nilikuwa mstari wa mbele. Uligeuka ukanitazama, na hukuwa na hasira. Ulikuwa unangoja. Ningesimama tu. Ningeinua mkono tu.

Nilifungua kitabu cha nyimbo.

Wiki ile ile ulizikusanya spana zako za baiskeli katika mfuko wa unga, ukanichotea maji madumu mawili, ukaondoka bila kibali. Goti nililivunja kwa neno moja kwenye mkeka. Lakini nadhani kilichokuondoa ni ule wimbo nilioufungua.

Kwa hiyo watu wa Dzaleka wasikie, na fundi Etienne asikie, maana mpaka leo anapita mlangoni kwangu amejiziba uso kwa aibu isiyo yake. Wilondja hakusomewa. Aliuliza, nami nikamdanganya. Mhubiri naye asikie, na akipenda ataje jina langu katika hubiri lile lile. Kama baada ya hapa hakuna atakayeniletea karatasi, ni haki. Na vijana wanaochezea kalabu za mjini, wanaorudi huku siku za mapumziko na kuvua viatu kabla ya kusalimu, sitawaambia wasicheze. Nilikuona ukicheka kwenye lile vumbi, na katika picha ya pale ofisini hukuwa unacheka. Nawaomba kitu kimoja: wamtafute mtu asiyewapenda awasomee mkataba.

Nakala yako bado ninayo, ndani ya kamusi. Macho yamepungua lakini maneno nayajua. Keti, mwanangu, unyooshe mguu. Nasoma polepole, watu nao wasikie.

"Kifungu cha tisa. Mchezaji hatacheza mechi yoyote nje ya kalabu, iwe ya kirafiki, ya kanisa, ya kijiji au ya kujifurahisha, hata katika siku zake za mapumziko. Akiumia katika mchezo wa namna hiyo, kalabu haitamtibu, na mkataba huu utakwisha siku hiyo hiyo."

Ndivyo kinavyosema. Hakuna neno nililoruka.

Umesomewa sasa. Nakuaga nikiwa kwenye mkeka ule ule, uso wangu ukielekea mlangoni. Usije kama hutaki.

Aliyekuwa na wajibu wa kukusomea,
Mama yako mkubwa